Gololi Isiyorudi

Wiki ya kwanza baada ya kustaafu, baba yangu alitengeneza kila kitu nyumbani kilichoharibika. Wiki ya pili akatengeneza vilivyokuwa vizima. Bawaba za mlango wa jikoni, ambazo hazikuwahi kumkosea mtu, zilifunguliwa, zikapakwa grisi, zikafungwa tena, na tangu siku hiyo mlango ule haukubali kukaa nusu wazi. Wiki ya tatu Mama alimkuta amepiga magoti mbele ya cherehani, bisibisi mkononi, akamwambia kwa sauti anayotumia darasani, "Hicho ukikigusa, tutaachana uzeeni."

Baba aliinuka, akajipangusa magoti, akatoka. Hakusema anakwenda wapi. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa akienda mjini kupanda lifti.

Alikuwa fundi lifti kwa miaka thelathini na minane. Sasa alikuwa akiingia jengo lolote lenye ghorofa, anasimama ndani ya lifti katikati ya watu wenye haraka zao, anafumba macho na kusikiliza. Siku moja mlinzi wa benki alimuuliza, "Mzee, unakwenda ghorofa ya ngapi?" Baba akamjibu, "Yoyote." Alitolewa nje kwa adabu.

"Lifti za siku hizi hazisemi," alituambia mezani. "Zamani ukisimama kwenye chumba cha mota unazisikia relei, zile swichi za sumaku, zinalia, ta, ta-ta, ta, unajua kabisa sasa mlango umefungwa, sasa breki imeachia. Siku hizi kuna kisanduku kimoja tu kimekaa kimya kama mtu aliyenuna."

"Na wewe umenuna," Mama akasema. "Kula."

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule na ninasubiri majibu ya barua za kazi, kwa hiyo asubuhi Mama akienda shuleni kwake tulibaki wawili tusio na pa kwenda. Nilimsikia akitembea. Sebuleni, ukumbini, uani, sebuleni. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilitamani nimwambie kwamba amefanya kazi ya kutosha, kwamba kuna maelfu ya watu wamefika walikokuwa wanakwenda kwa sababu yake, na hakuna hata mmoja aliyejikwaa. Nilimtengenezea chai badala yake.

Kulikuwa na jambo moja tulilolijua watu watatu tu. Miezi sita kabla ya kustaafu, Baba akiwa amesimama juu ya paa la lifti ndani ya shimo lake, vidole vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi na spana ikamponyoka. Ilishuka ghorofa tisa. Hakumwambia mtu kazini. Alimwambia Mama, nami nikasikia kwa sababu kuta za nyumba yetu haziwezi kutunza siri. "Ganzi kidogo," alisema. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimtazama anavyoshika kikombe.

Wiki ya tano msimamizi wake wa zamani akapiga simu. Kulikuwa na jengo la ofisi lenye lifti ya kizamani, ya relei, na mafundi vijana walikuwa wakiizunguka bila kujua waanzie wapi. Kazi ya miezi mitatu, labda sita. "Wewe tu, Mzee," alisema, na Baba, ambaye kwa wiki tano alikuwa amejikunja kama mwavuli, akanyooka kwenye kiti. Walikubaliana kwamba msimamizi atapita nyumbani Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuchukua jibu.

"Ganzi kidogo," Mama alisema simu ilipokatwa, "na ghorofa tisa."

"Nitavaa mkanda."

"Mkanda ulikuwepo na siku ile."

"Sikukatazi," Mama akaendelea. "Ukikatazwa utakwenda kwa ukaidi. Nakuomba tu utafute kitu cha kushughulisha hiyo mikono hapa hapa nyumbani, kabla ya hiyo Jumamosi. Chochote. Nunua hata ng'ombe."

Nadhani alijuta kulitamka lile neno "chochote".

Kesho yake Baba alinichukua tukaenda kwenye ukumbi mmoja wa starehe uliokuwa ukifungwa. Meza za biliadi zilikwishaondoka, vioo vilikwishang'olewa, na mwenye ukumbi, mama mmoja mnene mwenye miwani kifuani, alikuwa amekaa katikati ya chumba kitupu kwenye kiti chake cha mwisho. Lifti ya jengo lile Baba ndiye aliyeitunza.

"Fundi," mama wa ukumbi alisema, "umekuja kuniaga au kuniangalia?"

"Nimekuja kununua ile iliyokuwa inanichanganya akili."

Ilikuwa pembeni, chini ya shuka. Mashine ya gololi, ile ambayo unavuta fimbo yenye springi, gololi ya chuma inaruka juu ya meza yenye kioo, inagongana na taa na uyoga wa mpira, na wewe unaizuia isidondoke kwa vibawa viwili unavyovibonyeza kwa vitufe vya pembeni. Kwenye kioo chake cha nyuma palichorwa mwanamke aliyepanda farasi mweupe, na jicho moja la farasi lilikuwa limebanduka.

"Nilikuwa shimoni, upande wa pili wa ukuta huu," Baba aliniambia. "Nasikia relei zinalia. Nadhani ni zangu. Napanda mpaka chumba cha mota, naangalia, zangu zimelala. Miaka mitatu nikihangaika, kumbe ni za jirani."

"Unajua kuicheza?" mama wa ukumbi akamuuliza.

"Sijawahi hata kuigusa. Nilikuwa kazini."

"Haiwaki sasa. Nadhani ni fyuzi."

"Basi usiseme zaidi," Baba akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa zawadi. Walipatana haraka, Baba akiomba apunguziwe kwa ajili ya jicho la farasi na mama wa ukumbi akisema farasi anaona vizuri kwa lililobaki.

Wabebaji wanne waliiingiza sebuleni kwetu. Kochi lilihamia ukumbini mwa nyumba. Mama aliporudi kutoka shuleni alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Nilisema ng'ombe," alisema.

"Ng'ombe angekula."

Baba alifungua tumbo la mashine siku ile ile, na pale ndani nikaelewa. Relei zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, koili, nyaya zilizofungwa kwa uzi wa nta, kila kitu kama kwenye chumba cha mota alichokuwa akinipeleka nikiwa mdogo. Palikuwa hata na timazi, kipande cha chuma kinachoning'inia ndani ya pete ili mchezaji akiitikisa mashine sana ijizime. "Timazi," Baba akasema kwa unyenyekevu. "Wana timazi humu ndani, kama sisi shimoni." Alibadilisha fyuzi. Taa zikawaka, relei zikalia, ta, ta-ta, ta. Mama alikuwa jikoni akakohoa.

Kisha Baba akatoa pimamaji yake, kile kifaa cha kupimia usawa.

Lazima nieleze kuhusu pimamaji. Heshima ya fundi lifti, kwa Baba, ilikuwa jambo moja tu: sakafu ya lifti ikutane na sakafu ya ghorofa, sawasawa, ili mwanamke aliyebeba mtoto asijikwae. Alipomaliza kazi alikuwa na desturi yake. Alisimamisha sarafu kwa ubavu wake katikati ya sakafu ya lifti, akaipeleka lifti juu na kuirudisha chini. Sarafu ikianguka, anaanza upya. Ikisimama, anatia sahihi. Mafundi wenzake walimcheka, wakamwita Sarafu, kisha wakaanza kufanya hivyo hivyo.

Sasa aliweka pimamaji juu ya mashine, akakiona kiputo kimekimbilia upande mmoja, akasikitika. "Waliokuwa na kitu hiki hawakuwa na macho," alisema. "Imeinama yote mbele." Akashinda siku mbili uani akichonga vipande viwili vya mbao ngumu, akavipiga msasa mpaka vikang'aa, akatoboa kwa ndani vitundu vya kupokea miguu, akavisukuma chini ya miguu ya mbele. Kiputo kikatulia katikati. Akasimamisha sarafu juu ya kioo. Ikasimama. Akatutazama.

"Hongera," Mama akasema.

Akavuta fimbo. Gololi iliruka, ikazunguka juu, ikagonga uyoga mara mbili, taa zikawaka, namba zikabadilika, kisha gololi ikatembea taratibu mpaka katikati ya meza na kusimama pale. Ilisimama kama mgeni asiyejua akae wapi.

Kuanzia hapo sikumbuki wiki mbili zile kama siku. Nazikumbuka kama sauti za bisibisi. Baba alishuku sumaku, akafungua koili zote. Akashuku uchafu, akaing'arisha meza mpaka ukaweza kujitazama. Akashuku gololi yenyewe, akanunua nyingine, akanunua ya tatu. Kila jioni kabla ya chakula aliifunga mashine, akaweka pimamaji kwanza, kiputo katikati, akavuta fimbo, na gololi ikaenda kusimama mahali pale pale. Alianza kula akiwa amesimama. Alianza kuongea na farasi.

Na Jumamosi ilikuwa inakuja. "Kama kimashine hiki kimenishinda," aliniambia Jumatano, akipapasa vidole vya kushoto kwa vya kulia, "bora nirudi kwenye kitu ninachokijua." Nilitaka kumjibu kitu kizuri. Chuoni niliandika kurasa themanini kuhusu heshima ya kazi, na pale sebuleni sikuwa na sentensi moja.

Ijumaa mama wa ukumbi alinipigia. "Kuna vitu vyenu mmeviacha. Nakabidhi funguo leo, njoo uchukue."

Nilipofika, alinipa vipande viwili vya mbao vilivyochakaa, vyeusi kwa uzee. Vilikuwa na vitundu vya kupokea miguu.

"Vya wapi hivi?" nikamuuliza.

"Vya miguu ya nyuma. Lazima inyanyuke nyuma, binti. La sivyo gololi itarudije?"

Nilirudi nyumbani na vile vipande kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa mzito kuliko ulivyostahili. Nilimvizia Mama jikoni, nikamwonyesha, nikamweleza kwa kunong'ona. Aliacha kisu.

"Kwa hiyo mashine ni nzima," alisema.

"Nzima kabisa. Tangu siku ya kwanza. Ni zile mbao zake za mbele."

Alitazama mlango wa sebuleni, ambako bisibisi ilikuwa ikifanya kazi. "Kinyozi hajinyoi," akasema polepole.

"Nimwambie sasa hivi?"

"Ukimwambia wewe, ataona amekwisha. Miaka thelathini na minane, halafu anafundishwa na mtoto kwamba kitu cha mviringo huteremka. Kesho saa kumi atapanda gari la msimamizi kwa aibu tu."

"Na tusipomwambia atapanda kwa kushindwa."

Mama alichukua kisu akaendelea kukata. Alikata muda mrefu kuliko kilichokuwepo cha kukatwa. "Jibu la hesabu," alisema mwishoni, "ukimpa mwanafunzi, halikai kichwani. Swali ndilo linalokaa. Viweke hivyo vitu mbali. Kesho."

Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi Baba alikuwa amevaa shati lake la kazini. Saa sita bado alikuwa ameinamia tumbo la mashine. Saa nane aliifunga, akaweka pimamaji, akavuta fimbo. Gololi ikaenda kusimama mahali pake. Baba akakaa kwenye stuli na kuitazama bila hasira, na hilo lilinitisha kuliko hasira.

Mama aliingia akijifuta mikono kwa kanga. "Nipe sarafu yako," alisema.

"Ya nini?"

"Nipe tu, baba watoto. Sikuli sarafu."

Alimpa. Mama aliisimamisha kwa ubavu juu ya kioo, mara ya kwanza ikaanguka, mara ya pili ikasimama. Akaiachia. Ilisimama imara, nyembamba, juu kabisa ya ile gololi iliyosimama chini ya kioo.

"Kwa nini haibingiriki?" akauliza.

"Kwa sababu nimeisawazisha," Baba akajibu, akishangaa kuulizwa.

"Vizuri. Haina sababu ya kwenda popote."

"Haina."

Mama alirudi jikoni. Mimi nilijifanya nasoma, na kitabu, nakumbuka, kilikuwa kichwa chini.

Baba aliitazama sarafu. Kisha gololi. Kisha sarafu. Akalegeza kifungo cha kola ya shati. Aliinama, akatazama zile mbao zake mbili zinazong'aa chini ya miguu ya mbele.

"Mwalimu," akaita.

"Abee," Mama akajibu kutoka jikoni.

"Umejua tangu lini?"

"Jana."

"Na huyu msomaji wa kichwa chini?"

"Jana," nikasema. Nilitoa vile vipande vyeusi mkobani, nikampa. Alivigeuzageuza. Nilijiandaa kwa ukimya wa siku tatu. Lakini mabega yake yalianza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka kile kicheko kisicho na sauti ambacho hakikuwa kimeonekana nyumbani tangu siku ya keki ya kumuaga kazini.

"Nimeipangia gololi isijikwae," alisema.

Tulinyanyua mashine pamoja, mimi na Mama mbele, yeye akitoa mbao zake, kisha nyuma, akiingiza zile za zamani. Sarafu ilianguka, ikabingirika, ikaingia chini ya kabati, na hakuna aliyeifuata. Baba akavuta fimbo.

Gololi ilipanda, ikazunguka, ikagonga uyoga, ikapigwa tena, relei zikalia mfululizo, na ikashuka. Ilishuka kwa kasi, nzima nzima, kuelekea kwake, kama kitu kilichokuwa kikisubiri ruhusa wiki mbili. Alibonyeza kwa mkono wa kulia, ikarudi juu. Mama alipiga makofi mara moja, akaona aibu, akaacha.

Gari lilisimama nje saa kumi kasoro. Msimamizi aliingia na ovaroli mpya mkononi, imekunjwa vizuri, jina la kampuni mgongoni. Miaka ya nyuma alikuwa mwanafunzi wa Baba, na bado alipoingia chumba alichokuwemo Baba alishusha mabega.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuta mnafanya fujo."

"Marahaba. Simama hapo, usinisemeshe, iko juu."

Gololi ilishuka upande wa kushoto. Niliona vidole vya kushoto vya Baba vikiwa juu ya kitufe, tayari. Vilibonyeza. Vilibonyeza baada ya gololi kupita.

"Bahati mbaya," msimamizi akasema.

Baba akavuta nyingine. Kulia akaizuia, kulia tena, kisha ikaja kushoto. Ikapita. Ya tatu aliisubiri kushoto kwa makusudi, niliona, alikuwa ameikazia macho tangu iko juu. Alikuwa na muda. Mtoto angeweza. Ikapita, ikaanguka ndani kwa sauti ndogo ya chuma, na kibawa cha kushoto kikapiga hewa.

Mama alikuwa mlangoni ameshika sinia la chai. Baba aliondoa mkono kwenye kitufe, akaufungua, akautazama upande wa kiganja, kisha upande wa nyuma, kama anavyotazama kipande kilichotoka kwenye mashine ya mtu mwingine. Nilijua anasikia ile spana. Nilijua anahesabu ghorofa.

"Kijana wangu," alimwambia msimamizi bila kugeuka, "mkono wangu wa kushoto umechelewa."

"Umechelewa vipi, Mzee?"

"Unafika baada ya kazi kwisha. Una miezi minane hivyo. Sikukwambia, na ilikuwa haki yako kuambiwa. Juu ya paa la lifti, ukichelewa hivi..." Akaufumba ule mkono. "Hiyo ovaroli mpe mwingine."

Msimamizi alikaa kwenye stuli, ovaroli magotini. Hakubisha, na nilimpenda kwa hilo. Baada ya muda akasema, "Lakini wale vijana, Mzee. Hawajawahi hata kuona relei ikifanya kazi. Wanaziogopa kama nyoka."

Baba akapiga magoti, akafungua tumbo la mashine, na taa za ndani zikamwangaza usoni. Msimamizi aliinama kutazama, akaendelea kuinama.

"Hizi ni zile zile," msimamizi akasema.

"Ni zile zile. Na hapa hakuna pa kuangukia."

Mama aliweka sinia juu ya cherehani, kitu ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kufanya. Akaja akasimama kushoto kwa Baba, akamsukuma kidogo kwa nyonga, akaweka kidole chake kilichozoea chaki juu ya kitufe.

"Wewe shika kulia," alisema.

"Utabonyeza nikikwambia."

"Nikisubiri uniambie, nami nitachelewa. Vuta."

Alivuta. Msimamizi alisimama nyuma yao, ovaroli ameiweka begani kama taulo, akauliza awalete wale vijana lini, Jumatatu au Jumanne.

"Ngoja kwanza," Baba akasema. "Iko juu."

Tukasimama wote wanne, tukingoja ishuke.